Dabi za konferensi mbili: kipimo ambacho hakuna aliyekichagua

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, katika futiboli ya vyuo vya Marekani, South Carolina waliwafuata Clemson nyumbani kwao na kuwafunga 17-14. Wiki moja baadaye Clemson waliwalaza SMU 34-31, wakatwaa ubingwa wa ligi yao, ACC, na kupata tiketi ya mchujo wa ubingwa wa taifa wa timu 12. South Carolina waliambulia mwaliko wa Citrus Bowl, mechi ya mwisho wa msimu iliyo nje ya mchujo. Katika orodha ya mwisho ya kamati ya uteuzi wa timu za mchujo South Carolina walishika nafasi ya 15 na Clemson ya 16. Aliyefungwa akasonga mbele, aliyemfunga akaachwa, na hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa.

Kwa anayefuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani kwa mbali, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Vyuo vikubwa vimejigawa katika konferensi, yaani miungano ambayo kila mmoja una ligi yake, bingwa wake, mkataba wake wa televisheni na ratiba yake. SEC ina vyuo 16, karibu vyote vya kusini. Big Ten, iliyoanzishwa mwaka 1896 na vyuo vya kaskazini ya kati, leo ina vyuo 18 kuanzia New Jersey hadi Los Angeles. Big 12 ina 16, na ACC ina 17 katika futiboli. Mechi dhidi ya timu ya konferensi nyingine haiingii kwenye msimamo wa ligi. Chukua Simba na Yanga uwaweke katika ligi mbili tofauti: wangekutana mara moja kwa mwaka, uwanja ungefurika, mitaa ingesimama, halafu msimamo wa ligi zote mbili ungebaki vilevile kama walivyouacha asubuhi.

Hivyo ndivyo walivyo Clemson na South Carolina, Georgia na Georgia Tech, Florida na Florida State, Kentucky na Louisville. Hizi ni jozi nne za watani wa jadi, kila moja ndani ya jimbo moja, mmoja akiwa SEC na mwenzake ACC, na hukutana wikiendi ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Iowa wa Big Ten na Iowa State wa Big 12 hukutana Septemba. Pittsburgh wa ACC na West Virginia wa Big 12, waliocheza kwa mara ya kwanza mwaka 1895, walirudiana 2022 baada ya kukaa zaidi ya miaka kumi bila kuonana uwanjani. Msimamo wangu ni kwamba dabi hizi ndizo ushahidi bora tulio nao tunapotaka kujua konferensi ipi ina nguvu, ushahidi ambao watu wengi huusoma vibaya, na kwamba ratiba mpya zinazoanza 2026 zitaziumiza kama wanaozipanga hawatakuwa waangalifu.

Ubora wake unaonekana ukiziweka kando ya mechi nyingine zinazokutanisha konferensi. Kuna mechi kubwa za ufunguzi, kama ile ya tarehe 31 Agosti 2024 mjini Atlanta ambapo Georgia waliwachapa Clemson 34-3. Mechi za namna hiyo hupangwa miaka kadhaa kabla na wakurugenzi wa michezo wa vyuo pamoja na wenye televisheni, kwa kuangalia majina yatakayouza. Timu zote mbili zinakuwa hazijacheza hata mechi moja ya kweli, na nusu ya kikosi huenda ilihamia chuoni hapo miezi michache tu iliyopita. Kisha kuna mechi za mwaliko za Desemba na Januari. Hizo zimekuwa kipimo kibovu kabisa. Wachezaji wanaotarajia kusajiliwa na ligi ya kulipwa hujitoa ili wasiumie, wengine wameshaingia dirisha la uhamisho, na makocha wanabadilishana ajira. Mfano mchungu ni Orange Bowl ya msimu wa 2023. Florida State walikuwa wameshinda mechi zao zote 13 na bado wakaachwa nje ya mchujo wa timu nne wa wakati ule. Walipokwenda kucheza na Georgia wachezaji wao wengi wa kikosi cha kwanza hawakuwepo, wakafungwa 63-3. Kila anayelitumia tokeo lile kama uthibitisho kwamba SEC iko juu ya ACC anapima kitu ambacho hakikuwepo uwanjani.

Dabi haina mwanya huo. Mpinzani ni yuleyule kila mwaka, awe na kikosi cha dhahabu au amechoka. Uwanja hubadilishana. Tarehe inajulikana. Katika zile jozi nne za Novemba kila timu imeshacheza mechi 11, kwa hiyo tunaona kikosi kilichoiva pamoja na majeruhi wake wa kweli. Na ni nadra sana mchezaji mzima kuikosa kwa hiari. Hakuna mtu aliyekaa mezani akachagua mpinzani mwepesi, na kwa mchezo ambao karibu kila kitu nje ya ligi kinaweza kununuliwa au kukwepwa, hilo lina thamani kubwa.

Sasa tazama jinsi watu wanavyousoma ushahidi huo. Mwisho wa wikiendi ile ya 2024 hesabu ilikuwa SEC 3, ACC 1, na hesabu hiyo ikarudiwa kila mahali. Lakini ifungue uone kilichomo. Florida waliwafunga Florida State 31-11, na Florida State walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 2 na kupoteza 10. Louisville waliwafunga Kentucky 41-14, na Kentucky walimaliza na ushindi wa mechi 4 tu kati ya 12. Mechi hizo mbili zinatuambia kwamba timu mbovu ni mbovu, basi. Taarifa ya maana kuhusu konferensi ilikuwa kwenye zile mbili zilizobaki, na zote mbili ziliamuliwa kwa tofauti ndogo mno.

Ya kwanza ni hiyo ya Clemson. South Carolina walikuwa nyuma 14-10, imebaki dakika 1 na sekunde 8, jaribio la tatu kati ya manne na wanahitaji yadi 16. Katika hali hiyo walinzi hurudi nyuma kuzuia pasi ndefu, na wanaomkimbilia kotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, lazima wabaki kwenye mistari yao; mmoja akiingia ndani kupita kiasi, anafungua mlango. LaNorris Sellers aliwaponyoka waliomvamia, akauona mlango huo, akakimbia yadi 20 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Clemson walirudi mbio kutafuta angalau goli la mguu la pointi 3 la kusawazisha, lakini katika sekunde za mwisho pasi ya Cade Klubnik ikanaswa na Demetrius Knight. Walikuwa bingwa mtarajiwa wa ACC na timu ambayo haikufika hata fainali ya SEC, na kilichowatenganisha ni jaribio moja.

Ya pili ilichezwa usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo, Georgia na Georgia Tech mjini Athens, na ikaisha 44-42 baada ya vipindi 8 vya ziada. Hapa inabidi kujua kanuni ili usidanganyike na ukubwa wa namba. Katika kipindi cha kwanza cha ziada kila timu huanzia yadi ya 25 ya mpinzani. Katika cha pili ni vivyo hivyo, ila anayefunga tachidauni lazima ajaribu pointi 2 badala ya teke la pointi 1. Kuanzia cha tatu, kwa kanuni iliyoanza 2021, kila timu hupewa jaribio moja tu kutoka yadi ya 3: ukiingia unapata 2, ukizuiwa hupati kitu. Dakika 60 ziliisha 27-27, kipindi cha kwanza kikaisha 34-34, cha pili 40-40. Vilivyofuata, yaani vipindi sita, vilikuwa majaribio ya yadi tatu, jambo la ujanja wa kocha na bahati. Havisemi lolote kuhusu SEC wala ACC.

Dakika 60 ndizo zinazosema. Georgia Tech walikwenda mapumziko wakiongoza 17-0 katika uwanja wa ugenini, kotabeki wao Haynes King akiwasumbua Georgia kwa pasi na kwa miguu yake mwenyewe. Waliendelea kuongoza hadi robo ya nne, mpaka mpira ulipomponyoka King ikiwa imebaki kama dakika mbili, Georgia wakauchukua na kusawazisha. Wiki iliyofuata Georgia hao hao wakawafunga Texas 22-19 katika muda wa ziada na kuwa mabingwa wa SEC. Ukiunganisha na ile 34-3 ya Agosti unapata fundo ambalo halifunguki kwa mstari mmoja: bingwa wa SEC aliwachapa Clemson, aliponea chupuchupu kwa timu ya katikati ya ACC, na Clemson wakafungwa na timu ya SEC ambayo haikuwa bingwa wa ligi hiyo.

Ndiyo maana ninashauri mtu asihesabu ushindi tu. Kwanza aweke kila timu kwenye nafasi yake ndani ya ligi yake. Mechi ya bingwa dhidi ya wa kumi ina uzito tofauti na ya wa tatu dhidi ya wa tatu. Pili aangalie yadi kwa kila jaribio moja kuliko jumla ya pointi, kwa sababu pointi hubebwa mno na mipira iliyopotea, na mpira unaodondoka chini huokotwa na yeyote. Tatu aangalie robo ya nne, hasa mstari wa mbele. Hapo ndipo fedha na usajili vinapojionyesha. Timu yenye wakabaji wanane wazuri wanaopokezana bado ina pumzi dakika ya 50, wakati yenye wanne imeanza kuchelewa nusu hatua. Katika dabi za Georgia na Tech za miaka ya karibuni tofauti hiyo imeonekana mara nyingi kuliko tofauti ya vipaji vya kikosi cha kwanza. Georgia wameshinda kila mara tangu 2017, na msimu wa 2025 walishinda tena 16-9.

Tena asisahau kwamba upepo hugeuka. Mwaka 2014 ACC walifagia zote nne: Georgia Tech 30-24 dhidi ya Georgia katika muda wa ziada, Clemson 35-17, Louisville 44-40, Florida State 24-19. SEC ilikuwa imetoka katika kipindi cha kutwaa ubingwa wa taifa misimu saba mfululizo, 2006 hadi 2012. Kentucky waliwafunga Louisville mara tano mfululizo kati ya 2018 na 2023, kisha Louisville wakajibu 41-14 na 41-0. Mwaka 2025 matokeo yalikuwa 2-2. Anayekuambia kuna sheria ya kudumu katika jozi hizi hajaziangalia kwa muda wa kutosha.

Kuna jambo moja kuhusu Clemson na South Carolina ambalo hata wapenzi wa mchezo hulipita. Tangu 2019 mwenye nyumba hajashinda. Clemson walishinda mjini Columbia, nyumbani kwa South Carolina, 38-3 mwaka 2019 na 30-0 mwaka 2021. South Carolina wakashinda ugenini Clemson 31-30 mwaka 2022. Clemson Columbia 16-7 mwaka 2023. South Carolina 17-14 mwaka 2024. Clemson Columbia 28-14 mwaka 2025. Iowa na Iowa State walikuwa na mtindo huohuo, mgeni akishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, mpaka Iowa State walipouvunja kwa kushinda 16-13 nyumbani Ames mwaka 2025. Mechi sita ni chache mno kujengea nadharia, lakini zinatosha kutilia shaka ile desturi ya kumpa mwenye nyumba pointi tatu kichwani kabla mpira haujaanza. Safari ni fupi, hakuna anayebadilisha saa za kulala, wachezaji wengi wametoka sekondari zilezile na wanajuana, na mwenye nyumba ndiye anayecheza akiwa na hofu ya kuaibishwa mbele ya watu wake.

Mwezi nao unabadilisha kipimo. Iowa na Iowa State wanacheza Septemba, na matokeo yao yanasomeka hivyo: 10-7, 20-13, 20-19, 16-13. Safu za ushambuliaji zinakuwa bado hazijaelewana, walinzi wanatangulia, na mguu wa mpigaji ndio unaoamua. Mwaka 2024 na 2025 Kyle Konrardy wa Iowa State alipiga kwa mafanikio goli la yadi 54 katika kila mechi. Kwa hiyo dabi ya Septemba inakupa picha ya ulinzi na timu maalumu, haikupi picha ya msimu. Washington na Washington State walicheza dabi yao mwishoni mwa Novemba kwa vizazi, wakiwa ligi moja. Washington walipokwenda Big Ten mwaka 2024 mechi ikahamishiwa Septemba. Washington State walishinda ya kwanza 24-19, Washington wakalipiza 59-24 mwaka uliofuata. Mechi ipo bado. Lakini ile hali ya kubeba msimu mzima na kuuweka mezani siku moja imepotea, na sioni namna ya kuirudisha Novemba wakati Big Ten inaitaka wiki ya mwisho kwa ajili ya mechi zake yenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu ya ratiba, maana humo ndimo dabi hizi zitakapookolewa au kuuawa. Msimu una mechi 12 za kawaida. Big Ten hucheza mechi 9 za ligi tangu 2016, Big 12 pia hucheza 9. SEC na ACC walikuwa wakicheza 8. Agosti 2025 SEC iliamua kwenda 9 kuanzia 2026, kila timu ikiwa na wapinzani watatu wa kudumu na sita wa kuzunguka, pamoja na sharti la kucheza angalau mechi moja na timu ya ACC, Big Ten, Big 12 au Notre Dame, chuo kisicho na konferensi katika futiboli. Mwezi uliofuata ACC nayo ikapitisha mechi 9, ikitaka kila mwanachama awe na mechi zisizopungua 10 dhidi ya wapinzani wa daraja hilo la juu.

Mechi 12 ukitoa 9 zinabaki 3. Dabi inachukua moja, zinabaki 2. Chuo kikubwa kinataka mechi 7 za nyumbani kila mwaka, kwa kuwa tiketi za msimu, maegesho, vyakula na michango ya wenye vyumba maalumu vinategemea idadi hiyo. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa pia kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote, hivyo hakuna mkurugenzi atakayeachia mechi ya nyumbani kirahisi. Na mechi 9 za ligi hazigawanyiki sawa: mwaka mmoja unapata 5 nyumbani na 4 ugenini, mwaka unaofuata kinyume chake.

Iowa wameshalitatua hili, na njia yao inafaa kuigwa. Mwaka 2024 walikuwa na mechi 4 za Big Ten nyumbani. Mwaka huo ndio Iowa State walikuja kwao, wakaongeza Illinois State na Troy, jumla 7. Mwaka 2025 walikuwa na 5 za ligi nyumbani. Mwaka huo ndio walikwenda Ames, wakawaalika Albany na Massachusetts, jumla tena 7. Dabi imekaa kama jiwe la mizani: inakuja nyumbani mwaka ambao ligi imekupunja.

Ukikosea mpangilio huo, mambo yanaharibika haraka. Chukua chuo ambacho dabi yake ya nyumbani imeangukia mwaka wa mechi 5 za ligi. Mwaka huo kina 5, pamoja na dabi, pamoja na wageni wawili wa kulipwa, yaani timu ndogo zinazolipwa kuja kucheza: mechi 8 nyumbani. Mwaka unaofuata kina 4 na wageni wawili: 6. Mapato yanapanda na kushuka, wenye tiketi za msimu wanalalamika, na ndani ya miaka mitatu mtu atasimama kwenye kikao aseme dabi ndiyo tatizo. Na kumbuka pande zote mbili zinahitaji mpangilio huu kwa wakati mmoja. Kwa Clemson na South Carolina, katika miaka shufwa, Clemson wakiwa wenyeji, inabidi ACC iwape Clemson mechi 4 za nyumbani na SEC iwape South Carolina 5. Ofisi mbili, ya ACC iliyoko Charlotte na ya SEC iliyoko Birmingham, lazima zikae meza moja kabla hazijatoa ratiba. Kila moja ikipanga kivyake, jozi nne zote ziko hatarini.

Georgia na Florida wana ugumu wa ziada. Mechi yao wenyewe kwa wenyewe huchezwa uwanja wa katikati, kwa desturi Jacksonville, hivyo kila mmoja hubaki na mechi 4 za kweli za ligi nyumbani, mwaka wowote. Mwaka ambao Georgia wanakwenda kwa Tech, 4 na wageni 2 ni 6 tu. Hapo ndipo kishawishi cha kuhamisha mechi huzaliwa. Georgia Tech wenyewe, mwaka 2025, waliiondoa dabi ya nyumbani kwenye uwanja wao wa Bobby Dodd na kuipeleka Mercedes-Benz Stadium kwa ajili ya fedha. Ni mji uleule, na naelewa bajeti yao. Bado naona walikosea. Timu ambayo imefungwa na jirani mwaka baada ya mwaka haina sababu ya kumwondolea jirani huyo ubaya wa kucheza kwenye uwanja mdogo, wa zamani, uliobanwa katikati ya chuo, na kumpeleka kwenye ukumbi mkubwa ambao mashabiki wake watanunua viti kwa maelfu.

Historia inaonyesha dabi hufa kwa utulivu, kwenye karatasi. Texas A&M walihamia SEC mwaka 2012, na mechi yao na Texas, iliyochezwa karibu kila mwaka tangu karne ya 19, ikakatika kuanzia hapo mpaka Texas nao walipoingia SEC. Waliporudiana Novemba 2024 Texas walishinda 17-7. Missouri na Kansas, majirani wenye uhasama wa tangu kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, walikatana 2011 wakarudiana Septemba 2025, Missouri wakashinda 42-31. Oklahoma na Oklahoma State walicheza mara ya mwisho Novemba 2023, Oklahoma State wakashinda 27-24, kisha Oklahoma wakaenda SEC. Katika visa vya namna hii husemwa kwamba ratiba imejaa. Ratiba haikujaa. Nafasi tatu au nne za nje ya ligi zilikuwepo, zikapewa wageni wa kulipwa, na aliyebaki nyuma alikuwa na hasira ya kuachwa ambayo ilichukua miaka kupoa.

Clemson na South Carolina walinusurika kwa sababu jimbo liliingilia. Mwaka 1952 Southern Conference, walikokuwa wote wawili, iliwaadhibu Clemson kwa kukubali mwaliko wa mechi ya mwisho wa msimu bila ruhusa, ikawakataza wanachama wake kucheza nao. Bunge la jimbo likaamuru mechi ichezwe, na ikachezwa. Mwaka uliofuata vyuo hivyo viwili vilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ACC. South Carolina wakaondoka 1971 na mechi ikaendelea. Tangu 1909 hawakukosa mwaka hata mmoja mpaka 2020, wakati wa janga la korona, SEC ilipoamua kucheza mechi za ndani pekee ingawa ACC ilikuwa imeacha nafasi moja ya mpinzani wa nje. Mfululizo wa misimu 111 ukakatika kwa uamuzi wa kikao kimoja. Ilikuwa dharura, lakini ilionyesha wazi ni kipi kinachotupwa kwanza mzigo unapozidi.

Kwa hiyo mikataba ya dabi hizi iandikwe kwa miaka mingi, tarehe ikitajwa kuwa Jumamosi au Ijumaa ya wiki ya mwisho, uwanja ukitajwa kwa jina, na mwaka wa uenyeji ukifungwa na mgawo wa mechi za ligi za pande zote mbili. Faini ya kujitoa iwe kubwa kuliko mapato ya mechi moja ya nyumbani, la sivyo ni mapambo tu. Kamati ya uteuzi ya watu 13 nayo ina kazi. Tangu 2025 imeongeza uzito wa ugumu wa ratiba katika tathmini zake, jambo zuri. Ingefaa pia itofautishe kati ya timu inayocheza mechi ya nje isiyoweza kuikwepa na timu iliyochagua mpinzani wake kwenye orodha. Kentucky hawana hiari kuhusu Louisville. Alabama, ambao mtani wao mkubwa Auburn yuko ndani ya SEC, wana hiari ya kumtafuta wanayemtaka.

Na ACC ina kifaa mkononi ambacho sijaona kikijadiliwa vya kutosha. Timu 17 mara mechi 9 ni 153, namba ambayo haigawanyiki kwa 2, na kila mechi inahitaji timu mbili. Kwa hiyo mpango wake ukikamilika, kila mwaka timu 16 zitacheza 9 na moja itabaki na 8. Nafasi hiyo isipewe kwa kura wala kwa zamu ya alfabeti. Izungushwe kati ya Clemson, Florida State, Georgia Tech na Louisville peke yao, wale wanne wenye dabi ya kudumu na SEC. Clemson ndio mfano ulio wazi zaidi. Kuanzia 2027 wana mkataba wa miaka 12 wa kucheza na Notre Dame kila mwaka. Wakiwa na mechi 9 za ligi, Notre Dame na South Carolina, wamefika 11 na kubaki na nafasi moja tu, na mwaka wa ugenini kwa wote wawili hawafikii mechi 7 za nyumbani kwa namna yoyote. Wakiwa na 8 wanafika mechi 10 za daraja la juu kama ACC inavyotaka, wanabaki na nafasi mbili za nyumbani, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kuigusa Jumamosi ya South Carolina.